Ufuo wa Chini ya Kituo cha Sita

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika Alhamisi na lori la vifaa, pembe moja imelowa lakini maneno yote yanasomeka. Unasema kampuni yenu inatengeneza kijitabu cha ramani ya pwani hii, na wewe msahihishaji umeambiwa umtafute mtu anayeijua njia kwa miguu. Basi umempata. Kwa miaka kumi na minane ya ulinzi wa njia nimeitembea kilomita thelathini na nne kwenda, nikalala kibanda cha mwisho, na thelathini na nne kurudi. Viatu vimeisha jozi sijui ngapi. Magoti bado yapo yapo.

Vituo vya kutazamia ni saba. Cha kwanza ni cha wavivu, gari linafika mpaka ukingoni na mtu anapiga picha bila kufungua mkanda. Cha pili kina ngazi za mbao, mia moja na kumi na mbili, nimezipigilia misumari mwenyewe. Cha tatu kina kingo za chuma ambazo kila mwaka nazipaka rangi na kila mwaka chumvi inazila; tumeshazoeana. Pale, mwenye subira anaona pomboo wakipita kwa makundi. Cha nne usimpeleke mwenye kizunguzungu. Genge limekatika wima kama ukuta wa ghorofa ishirini, na wimbi likipiga chini unalisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Ndege mnandi wamejenga kwenye nyufa zake, weusi, shingo ndefu, wanakausha mbawa kama watu waliosahau kushusha mikono. Cha tano na cha saba ni vya nyangumi, msimu wao ukifika.

Cha sita nakuandikia kama dada, si kama msahihishaji. Chini yake kuna ufuo mdogo usioonekana kutoka juu, mwamba umeufunika kama paji la uso linavyofunika jicho. Alinionyesha Mzee Darubini, mhesabu ndege wetu, yule niliyekusimulia kwamba akipiga chafya hushika kwanza darubini ndipo ashike pua. Yeye anauita ufuo unaokushusha sauti, kwa sababu ukifika pale unajikuta unanong'ona na hakuna aliyekukataza. Ni kweli, nimejaribu. Kasa hupanda pale kutaga, na asubuhi unakuta alama zao mchangani kama trekta limetoka baharini likarudi. Msimu uliopita tulihesabu viota kumi na kimoja. Membe, wale ndege weupe wa pwani, nao hutaga hapo hapo juu ya mchanga, mayai ya madoa madoa, usipoangalia unayakanyaga.

Tunaoujua ni wawili, na sasa wewe wa tatu. Usiuweke kwenye kijitabu.

Na wewe mwenyewe utakuja lini? Kila mwaka unasema mwakani. Kitanda cha mgeni nimekitengeneza, kinazeeka bila kulaliwa.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa ofisini mlango umefungwa, kwa kuwa nilikuwa nacheka peke yangu na fundi wa kupanga kurasa alishaanza kunitazama vibaya. Hao mnandi wako nimewaona kabisa. Hivi unajua kwamba unaandika vizuri kuliko watu ninaowasahihisha? Miaka kumi na moja nakaa kwenye chumba hiki chenye dirisha linalotazama ukuta, naondoa nukta za watu na kuweka mikato, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifanya nisikie wimbi kwenye nyayo.

Kuhusu ufuo, nimekuelewa. Hautaingia kwenye kijitabu, una neno langu.

Ila umenitia hamu, mdogo wangu. Mtu anashukaje kama hauonekani kutoka juu? Nataka tu niweze kuufikiria vizuri. Niandikie kama unavyojua kuandika.

Kuja nitakuja. Mwaka huu kazi zimenibana, tuna mkuu mpya, na mtu akiomba likizo anatazamwa kama ameomba figo. Nisubiri mwakani.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nafurahi kwamba walau mtu mmoja kwenye ukoo wetu ameuliza jinsi ya kushuka mahali.

Unapita kituo cha sita hatua sitini, unafika kwenye mti uliolazwa na upepo. Nyuma yake kuna ufa kwenye mwamba, upana wa mtu mmoja asiyekula sana. Ndani yake tumefunga kamba. Unashuka kinyumenyume, uso kwenye jiwe, na jiwe ni baridi hata jua likiwa kali. Chini unatokea ghafla kwenye mwanga, na mchanga ni mweupe kiasi kwamba unafumba macho. Lazima maji yawe yamekupwa. Yakianza kujaa una saa mbili, baada ya hapo mlango umefungwa na utakaa na kasa mpaka yapungue.

Darubini anakusalimu. Nimemwambia dada yangu anatengeneza kijitabu, akasema mwambie asiandike membe wote kwa jina moja, wako wa aina nne.

Mdogo wako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Kijitabu nimekipata na nimekisoma chote. Ufuo haumo. Ahsante kwa kutunza neno.

Nisamehe kwa kimya changu, huku mambo yameharibika. Katika bahasha hii nimeweka ukurasa uliochanwa kwenye jarida moja la kuwekwa kwenye vyumba vya mahoteli. Usome, halafu usome tena mstari wa tatu.

Walianza kuja Mei. Wa kwanza walikuwa wanne, wameshika ukurasa huo, wakaniuliza uko wapi mti uliolazwa na upepo. Nikawaambia sijui. Wakacheka, wakapita. Wiki ya tatu nilihesabu watu arobaini na watatu kwa siku moja. Wamewasha moto mchangani. Wamefukua kiota cha kasa ili wapige picha mayai, wakayafukia wanavyojua wao. Membe walizunguka juu wakilia siku tatu mfululizo, siku ya nne hawakuwepo. Mayai yao tuliyakuta yamepondwa, mengine yana alama za soli.

Kisha mwanamume mmoja, mtu mzima mwenzangu, aliteleza kwenye ufa akavunjika nyonga. Tulimbeba kwa machela watu sita, saa nne nzima, naye anatuomba radhi njia yote kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Mkuu wa hifadhi akaitisha kikao, anataka kujua ni nani aliyetoa habari.

Mstari wa tatu unasema: "ufuo unaokushusha sauti." Hayo ni maneno ya Darubini, sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Na Aprili alikaa siku mbili na waandishi wawili waliokuja kuandika habari za ndege. Jarida halina jina la mwandishi, lakini mimi sihitaji jina. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwambia mkuu. Darubini mwenyewe sikumuuliza. Ningemuuliza nini, na maneno yake yako pale yamechapwa? Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea kando ya viota. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Pole sana. Ukurasa nimeusoma. Sijui nikuambie nini.

Labda ungemuuliza kwanza, kabla hawajamchukulia hatua. Mtu anaweza kusema neno mahali bila kujua litafika wapi. Lakini wewe ndiye uliye huko, unayajua mambo kuliko mimi.

Mimi ni mzima. Nimehamishwa ofisi, niko ghorofa ya juu sasa. Kuna dirisha.

Jitunze, na usijilaumu.

Dada yako


28 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa. Uliponiambia nimuulize, barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshasainiwa. Miaka ishirini na sita, wakampa wiki mbili.

Hakubisha. Mkuu alimsomea mashtaka mbele yetu kwenye banda la vifaa, katikati ya majembe na makopo ya rangi, akamuuliza kama ana la kusema. Darubini akanitazama kidogo, akasema hana. Nilichukulia kwamba amekiri. Wenzangu nao wakachukulia hivyo.

Darubini aliyokuwa akitembea nayo ni mali ya hifadhi. Aliifuta vioo kwa pindo la shati, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso, akaiweka mezani. Akatupa mkono mmoja mmoja. Wangu aliushika muda mrefu kidogo kuliko wa wengine, akaniambia ngazi ya arobaini kwenye kituo cha pili inacheza, nikaiangalie kabla mtu hajaumia. Basi, akapanda lori.

Nilikwenda kuiangalia. Ilikuwa inacheza kweli.

Sasa kazi yake ya kuhesabu nimepewa mimi. Unasema nisijilaumu, na sijilaumu, mwenye kosa ni mwenye mdomo. Lakini kula peke yangu kwenye kibanda cha mwisho sijazoea. Tulikuwa tunagombana pale kila jioni kuhusu nani amechemsha maji mengi mno. Dada, ungekuja tu, hata siku tatu.

Mdogo wako


11 Novemba

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Ukurasa ule niliuandika mimi. Darubini hakumwambia mtu. Maneno yake niliyatoa kwenye barua yako ya Februari, uliniandikia wewe mwenyewe ukasahau. Njia ya kushuka niliitoa kwenye barua ya Machi. Nilikuambia nauliza kwa hamu tu, na wakati naandika swali lile nilikuwa nimeshaahidi makala.

Nikueleze, ingawa sielezi ili nisamehewe. Jarida lile linatengenezwa ghorofa ya juu yetu. Miaka yote nilikuwa nikiomba waniruhusu niandike, wakaniambia wewe mikono yako ni ya kusahihisha. Mwezi wa pili mhariri wao akanipa kurasa sita za majaribio, bila jina. Niliandika habari za vituo, akaniambia nzuri, lakini kila mtu ameshaviandika, hunipi kitu ambacho hakuna mwingine anacho? Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilijidanganya kwamba nimekuahidi kijitabu na hili ni jarida. Nilijidanganya tena kwamba wageni wa hoteli ni wavivu, watasoma na kulala. Nikanakili. Hata sikubadilisha sana, maana kila nilipobadilisha, iliharibika.

Ndiyo maana nina dirisha.

Barua yako ya Julai iliponifikia nilijua siku hiyo hiyo, na barua ya kumwachisha Darubini kazi ilikuwa bado haijasainiwa. Ningeweza kwenda posta kupiga simu ofisi ya hifadhi, dakika mbili zingetosha. Badala yake nilikuandikia "labda ungemuuliza," nikitumaini kwamba utagundua mwenyewe bila mimi kusema. Kosa la ukurasa lilikuwa tamaa. Hili la Julai sijui nilipe jina gani, nimelitafuta miezi minne.

Juzi mhariri aliniomba makala nyingine kama ile. Nikafungua kisanduku cha barua zako kutafuta cha kunakili, nikashika ile inayosema "ahsante kwa kutunza neno." Nikashindwa kuiweka chini, nikashindwa na kuendelea. Nimemwandikia mkuu wa hifadhi yote, nakala ninayo. Ghorofa ya juu nimeondoka.

Sikuombi kitu. Kama kuna anwani ya Darubini, nitumie. Kama hutaki kunitumia, nitaelewa.

Dada yako


30 Januari

Dada,

Barua yako nilikaa nayo wiki sita kwenye kopo la misumari kabla sijaweza kuisoma mara ya pili. Mkuu wa hifadhi naye alipata yake. Alimwandikia Darubini arudi, Darubini akajibu kwa mstari mmoja kwamba ameshashuka mlima na magoti yamekubali kupumzika.

Wiki iliyopita nilichukua ruhusa nikamtafuta. Anakaa mjini kwako. Nilipita karibu na mtaa wako na sikubisha hodi, nakuambia ili usije ukasikia kwa mwingine. Amehamia kwa binti yake, muuguzi, juu ya duka la kuziba matairi. Chumba chake kina dirisha linalotazama paa la bati. Ndege wa pale ni njiwa. Aliniambia wako thelathini na mmoja.

Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, yote yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba nilimkosea, kwamba hakuwa yeye, alikuwa dada yangu. Akasema anajua.

Nikamuuliza amejuaje, na tangu lini. Akasema tangu siku nilipomwonyesha mkuu ule ukurasa. Maneno ya mstari wa tatu yalikuwa yake, lakini kwenye ukurasa huo huo palikuwa na mnandi waliosahau kushusha mikono, na hayo yalikuwa yangu, niliwahi kumwambia kibandani. Akajua nimekuandikia.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza mbele ya watu wote.

"Ningesema, ungebaki na nani?" akaniambia. "Mimi nina binti. Wewe kule juu una dada mmoja, tena unayemwona kwenye karatasi tu. Miaka ishirini na sita nimeshahesabu ndege wa kutosha."

Nilidhani amemaliza. Akakaa akiwatazama njiwa wake, halafu akasema lile ambalo nimerudi nalo.

"Kufukuzwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kibanda kilikuwa kimoja, sufuria moja, na hukuja kuniuliza."

Dada, kosa lako nimelipima na langu nimelipima. Wewe ulinyamaza ukiwa mbali. Mimi nilinyamaza nikiwa hatua mbili kutoka kitandani kwake. Kwa hiyo sina kiti cha kukaa nikuhukumu. Lakini pia sijakusamehe, nikisema nimekusamehe nitakuwa nasahihisha nukta tu.

Ufa wa kituo cha sita tumeuziba kwa mawe. Watu wamepungua. Msimu huu kasa wamepanda mara mbili. Membe hawajarudi.

Anwani ya Darubini iko nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako


12 Februari

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Nilipanda ngazi za lile duka nikashuka mara mbili, fundi wa matairi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mara ya tatu binti yake alikuwa anatoka kazini, akanikuta mlangoni, akanifungulia bila kuuliza mimi ni nani. Nadhani tunafanana, wewe na mimi.

Mzee alikuwa ameketi dirishani. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika. Akaniitikia, akaniambia nikae. Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono kunizuia, taratibu, kama mtu asiye na haraka, akasema kwanza ana swali moja, kwa sababu tangu ahame hajapata mtu wa kuzungumza naye habari za kule.

Akaniuliza, "Ulipokuwa umesimama kituo cha sita, upepo ulikuwa unatoka upande gani?"

Nilitafuta kichwani. Nilizipita barua zako zote, neno kwa neno, unajua kwamba nazikumbuka. Hukuwahi kuniandikia upepo wa kituo cha sita unatoka wapi.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia sijawahi kufika.

Chini, kompresa ya kujazia matairi iliwaka na kuzimika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuza nyumba ya watu na hata mlango wake haujui. Miaka kumi na minane umeniita, kitanda umekitengeneza, na mimi nikachukua pwani yako yote bila kuondoka kwenye kiti. Hilo sikuwa nimeliweka kwenye barua ya kukiri, kwa sababu mpaka dakika ile sikuwa nimelijua.

Nikamwomba msamaha hapo hapo, machozi yananitoka. Akatikisa kichwa.

"Sasa hivi unaniomba msamaha wa kitu usichokijua," akasema. "Nenda kwanza. Simama pale mpaka uelewe. Kisha urudi uniambie upepo unatoka wapi, ndipo tuzungumze."

Nimekata tiketi ya basi la Jumatano, Alhamisi nitapanda lori la vifaa. Ufuoni sitashuka, hata kamba ikiwepo. Nitaishia kituo cha sita. Sikuombi uje kunipokea wala unipe kile kitanda, kibanda chochote kitanitosha. Ila kama utakuwa njiani siku hiyo na ukaniona nimesimama, usiniambie jibu. Niache nisimame.

Dada yako